Kilimia: Vigogo Wachache, Walalahoi Kibao

Usiku wa Sitalike bado ni giza la kweli. Kijiji kiko langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita 35 hivi kutoka Mpanda, na mwishoni mwa Oktoba hakuna mwenye akili anayezurura gizani kando ya Mto Katuma, maana viboko wametoka kulisha. Tulisimama uani mwa nyumba ya wageni tukilitazama kundi la nyota la Kilimia likipanda juu ya miti.

"Mimi naona sita, kaka," alisema dereva wa bodaboda aliyenileta.

Nami niliona sita. Kumbe tulikuwa tunahesabu vigogo tu. Kundi hilo, ambalo jina lake limetokana na kulima, lina nyota zaidi ya 1,000, na nyingi ni nyepesi kuliko Jua. Ile inayong'aa kuliko zote, Alcyone, ina uzito wa Jua mara sita hivi, lakini mwanga wake ni mara 2,000 hivi. Ndiyo maana macho hudanganyika.

Mwaka 1955 mwanafizikia Edwin Salpeter alilipigia hesabu jambo hili la vigogo wachache na walalahoi wengi. Zipange nyota kwa mafungu ya uzito yenye upana sawa: kila uzito unapoongezeka mara mbili, idadi hushuka hadi moja ya tano hivi. Kanuni yake hulegea kwa nyota ndogo sana, lakini kwa zile kubwa inatumika hadi leo.

Kuna pia suala la nani anakaa wapi. Kiangazi kikikausha Katuma, dume kubwa la kiboko hushikilia dimbwi, madume vijana wakasukumwa pembeni. Kilimia nacho kimejipanga hivyo, ila bila ugomvi. Nyota zinapopishana huvutana na kugawana mwendo: nzito hupungukiwa kasi zikazama katikati, nyepesi hupata kasi zikatupwa pembezoni. Nyingine hutoroka moja kwa moja.

Miongoni mwa walalahoi hao, wanaastronomia wa Hispania walitangaza, mwaka 1995, kukikuta Teide 1: kibete cha kahawia chenye uzito usiofika asilimia 8 ya Jua, kisichoweza kuwaka kama nyota.

Nawe, ukipata usiku usio na mawingu mwishoni mwa Oktoba, saa tatu hivi, tazama kaskazini-mashariki. Ukihesabu sita, macho yako ni mazima.