Mwacheni Bibi Ashike Ufagio

Kuna maneno ninayoyasikia mara kwa mara katika kliniki yetu ya sukari na presha hapa Tanga, kutoka kwa watoto wanaowasindikiza wazazi wao. "Sista, mama siku hizi hagusi kazi yoyote. Tumempumzisha." Huyasema kwa fahari, na nawaelewa. Mama huyo amewalea kwa kuuza samaki Mgandini, amebeba ndoo kichwani, ametwanga, amefua nguo za nyumba nzima kwa mikono. Leo wanawe wana uwezo. Wamemtafutia dada wa kazi, wamemnunulia kochi na televisheni, na chai anapelekewa pale pale alipo. Kwetu sisi, nyumba ambamo mzee ameketi na vijana wanahangaika ni nyumba yenye adabu.

Adabu hiyo naipenda. Lakini katika miaka yangu ya uuguzi, nikiwachoma wazee hawa vidole kupima sukari na kuwafunga mkanda wa presha, nimeshawishika na jambo moja: mzee ambaye mwili wake bado unaweza, akikalishwa kutwa, ananyang'anywa kinga mojawapo kubwa ya akili yake. Sababu zake zinajulikana, na si ngumu kuzielewa.

Ubongo hauna ghala

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Na kwa kuwa hauwezi kujiwekea akiba ya maana, unategemea damu iuletee sukari na oksijeni kila sekunde, usiku na mchana. Damu ikizuiwa kwa dakika chache tu, seli zake huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi.

Kwa hiyo kinachoharibu mishipa ya damu kinaharibu na ubongo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huchakaza kuta za mishipa midogo. Kliniki tunauona uharibifu huo machoni, kwenye figo na miguuni. Ndani ya fuvu iko mishipa midogo ya namna hiyo hiyo, ila hatuioni. Presha nayo huifanya mishipa kuwa migumu na kuipasua au kuiziba. Wakati mwingine kinachozibwa ni kimshipa kidogo mno: mdomo haupindi, mkono haulegei, mgonjwa hajui kama kuna kilichotokea. Mambo hayo yakijirudia, kidogo kidogo mtu hubadilika. Anauliza swali lile lile mara tatu. Anashindwa kuhesabu chenji.

Wanaoijua Tanga wanajua kwamba barabara za Ngamiani huitwa kwa namba. Nimempokea mama aliyezaliwa na kukulia humo, ambaye siku moja alisimama barabara ya 9 asijue aelekee upande gani ili afike barabara ya 12. Watoto wake walisema ni uzee. Sukari yake ilikuwa juu kwa miaka, na presha yake ilikuwa haijawahi kushuka hadi kiwango tunachokitaka.

Uhusiano huo wa sukari na kusahau si dhana yangu. Mjini Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuatilia wakazi zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba wenye kisukari walikuwa na hatari karibu maradufu ya kupata ugonjwa wa kusahau ukilinganisha na wasio nacho. Hapa nyumbani, utafiti uliofanyika vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wazee zaidi ya 1,000 wa miaka 70 na kuendelea. Ulikadiria kwamba asilimia 6.4 yao walikuwa na ugonjwa huo. Wasidhani basi watu kwamba ni maradhi ya Ulaya.

Misuli inayojifungulia mlango

Sasa tuje kwenye miguu. Mtu akila ugali, wali au maandazi, chakula hicho huwa sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo hupita kwenye seli kama mgeni anayebisha hodi ili sukari ifunguliwe mlango. Mteja mkubwa wa sukari hiyo ni misuli. Kwa mtu mnene asiyejishughulisha, misuli huwa mizito kuitikia hodi. Kongosho huongeza insulini, hodi inazidi kupigwa, mlango unafunguka nusu. Miaka ikienda kongosho huchoka, na sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu.

Habari njema ni hii: msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wenyewe. Mguu ukikanyaga, vibebeo vya sukari vilivyomo ndani ya seli za msuli hupanda juu na kuanza kuivuta sukari, hata kama insulini ni kidogo au haisikilizwi vizuri. Na baada ya zoezi, kwa saa kadhaa, msuli ule huisikiliza insulini kuliko ulivyokuwa.

Tunaye mgonjwa mmoja, mstaafu wa reli, ambaye kama wazee wengi wa mji huu hakuwahi kuacha baiskeli. Siku moja foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa ametoka kunywa chai, kipimo cha sukari kikasoma milimoli 11.4 kwa lita. Akaomba ruhusa apeleke baiskeli kwa fundi, akaenda akiikokota na kurudi kwa miguu. Aliporudi nikampima tena: 8.9. Namba moja ya siku moja haithibitishi kitu, maana sukari hupanda na kushuka kwa sababu nyingi. Lakini ndivyo vipimo vya kitaalamu vinavyoonyesha tena na tena: kutembea baada ya kula hupunguza kupanda kwa sukari. Ningependa kila mwenye sukari ajionee mwenyewe, kwa kidole chake, namba ikishuka bila kidonge.

Kutembea kuna faida nyingine juu ya hiyo. Moyo ukienda kasi kidogo, damu nyingi zaidi huzunguka na mishipa hujizoeza kutanuka, ndipo presha inapopungua. Mwili pia hutengeneza kwa wingi protini inayojulikana kwa kifupi kama BDNF, ambayo husaidia seli za ubongo kuishi na kuunganika upya. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo bila hiyo kumbukumbu mpya haziwekwi. Sehemu hii husinyaa kadiri tunavyozeeka.

Mwaka 2011, Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 120 wa umri wa miaka 55 hadi 80 waliokuwa hawafanyi mazoezi. Nusu walitembea kwa dakika 40, mara tatu kwa wiki. Nusu wakafanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi za waliojinyoosha zilikuwa zimepungua kwa asilimia 1.4 hivi, ilhali za waliotembea zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 2. Si kila utafiti uliofuata umepata ongezeko kama hilo, wala kutembea peke yake si dawa ya kila kitu. Ndiyo maana nauthamini sana ule wa Finland ulioongozwa na Miia Kivipelto, uliochapishwa mwaka 2015. Watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, wote wakiwa na dalili za hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida. La pili lilisimamiwa kwa miaka miwili katika chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa presha na sukari. Wote walipopimwa uwezo wa kufikiri na kukumbuka, kundi la pili lilikuwa limepiga hatua zaidi kwa asilimia 25.

Kukaa chini na kuinuka

Hatuhitaji kwenda Finland kuona mwili wa mzee unaotumika. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti akina David Raichlen na Herman Pontzer waliwafunga vipimo vya mapigo ya moyo, wakakuta kwamba kwa siku hupata wastani wa dakika zaidi ya 130 za shughuli za kutosha kuuchangamsha moyo, na kwamba dalili za hatari ya maradhi ya moyo kwao ni chache, hata kwa wenye umri mkubwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 2020. Ulionyesha kwamba Wahadzabe nao hupumzika, tena karibu saa 10 kwa siku. Tofauti iko kwenye namna. Sehemu ya muda huo wa kupumzika huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu yao inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kochi linaizima kabisa.

Hapa ndipo ninapozungumza na wazee wa Tanga kwa lugha ya maisha yao. Mwislamu anayesali sala tano ana rakaa 17 za faradhi kwa siku. Katika kila rakaa anainama, anasujudu na kuinuka. Mama anayekaa mkekani kuchambua mchele, anayechuchumaa kukuna nazi juu ya mbuzi, anayeinama na ufagio wa chelewa uani, anafanya kazi ile ile ya mapaja na nyonga. Mwenye magoti mabovu ana ruhusa yake, na asilazimishwe. Ila nawaona wazee wengi wanaohamia kwenye kiti kabla magoti hayajawataka wahame, kwa sababu tu kuna mtoto mwenye huruma aliyekileta.

Kliniki nina kipimo kisicho na gharama. Namwambia mzee akunje mikono kifuani, ainuke kitini na kukaa mara tano bila kushika popote. Mama mmoja wa miaka 79, anayelima mihogo yake mwenyewe, alimaliza kabla sijaweka sawa saa yangu. Mwingine, mdogo kwake kwa miaka 12, hakuinuka hata mara moja. Hakuwa na ugonjwa wa mifupa wala kiharusi. Alikuwa amepumzishwa. Misuli isiyotumika huisha, na kwa mzee huisha haraka. Ikiisha, sukari inakosa mteja, mtu anaanguka, anaogopa kutoka nje, anakosa watu wa kuzungumza nao. Na upweke wenyewe ni hatari nyingine kwa akili.

La kufanya

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kiasi, ile inayokufanya uhemee juu kidogo lakini bado uweze kuongea. Aongeze mazoezi ya nguvu siku mbili, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kutopoteza mizani siku tatu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano: kutembea jioni jua likipoa, wengi wanaiweza. Asiyeweza aanze na dakika kumi baada ya kila mlo.

Mwenye kisukari azingatie mambo mawili. La kwanza ni viatu vya kufunika vidole badala ya ndala, na kukagua nyayo kila usiku, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausikii msumari. La pili, anayechoma insulini au anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, atembee na pipi au sukari mfukoni. Sukari ikishuka mno nayo inaumiza ubongo. Mwenye kubanwa kifua au kuhema isivyo kawaida amwone daktari kwanza. Wala mtu asiache dawa kwa kuwa ameanza mazoezi.

Nyumbani, mpeni mzee kazi anayoiweza na aione kuwa ni yake: bustani ya mchicha, kufagia uani, kumpeleka mjukuu chekechea, kwenda mwenyewe dukani kununua chumvi. Mchukulieni ndoo nzito na ngazi ya hatari. Vingine muulizeni kwanza kama anataka asaidiwe.

Mwisho nazungumza na wewe uliyemsindikiza mama, mwenye miaka 40 na kitu, unayeshinda ofisini au nyuma ya usukani. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau. Likasema kwamba kama yangeondolewa yote, takriban asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo. Kisukari, presha, unene, lehemu mbaya na kutojishughulisha vyote vimo, na hatari ya mengi kati ya hayo hujengeka katika umri wa kati, miaka mingi kabla ya mtu kusahau jina la jirani yake. Huu ndio umri wako sasa. Kwa hiyo siku ya kliniki ya mama, na wewe kaa kitini, kunja mkono wa shati, nikupime presha, sukari na kiuno. Kisha mwondoke wote wawili kwa miguu hadi kituo cha daladala cha mbele.