SHERIA YA USHINDANI NA TIKETI ZA BOTI KWA NJIA YA SIMU

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, ingawa zimo katika Mkoa wa Pwani, hazipakani na bahari. Hata hivyo, wapo wakaazi wake wenye ndugu, biashara na shughuli za kiofisi Unguja na Pemba. Zamani msafiri alilazimika kufika bandarini Dar es Salaam ndipo akate tiketi ya boti. Siku hizi anaweza kuikata kwa simu ya kiganjani angali Maili Moja au Kisarawe mjini. Urahisi huo ni neema, lakini umezua suala moja: ni nani atakayemlinda msafiri iwapo njia hiyo itahodhiwa na kampuni moja?

Jibu limo katika sheria za ushindani wa biashara. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Zanzibar ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka 2018, na Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara (ZFCC).

Ifahamike kwamba sheria hizi hazimwadhibu mfanyabiashara kwa ukubwa wake. Kinachokatazwa ni kuutumia ukubwa huo kuwafungia wengine mlango. Kwa mfano, programu ya simu ikipata wateja wengi kwa kuwa ni nyepesi na ya kuaminika, hilo ni halali. Lakini ikiwa imekwisha kulitawala soko, kisha ikawaamrisha wenye boti wasiuze tiketi kwingineko ili washindani wake wafe, huo ni ukiritimba unaoweza kuchunguzwa. Vile vile, wenye vyombo wakikubaliana kwa siri kupanga nauli, kosa ni lao hata kama mapatano yamepitia katika kompyuta.

Suala hili linaigusa dunia nzima. Nchini Marekani, kampuni ya Epic Games iliishitaki Apple mwaka 2020 ikipinga kamisheni ya hadi asilimia 30 katika duka lake la programu. Mwezi Septemba 2021 Mahakama iliitaka Apple iwaruhusu watengenezaji wa programu kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za malipo. Tiketi ya boti haiguswi na kamisheni hiyo, kwa kuwa huduma yake hutolewa nje ya simu. Lakini programu za mabaharia zinazouza ramani za bahari na taarifa za upepo ndani ya simu huguswa moja kwa moja. Amri ya Mahakama ya Marekani haifungi mikono ya kampuni huku kwetu, ila inaonyesha njia.

Aidha, nchi yetu ina funzo la karibu. Mwezi Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake nchini baada ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Ilirejea Januari 2023, baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Hilo lilikuwa suala la udhibiti wa usafiri wala si la ushindani. Hata hivyo, lilidhihirisha kwamba kamisheni kubwa humwelemea dereva na abiria, na kwamba kampuni ikiondoka, wanaobaki kituoni ni abiria. Kwa hiyo kinga iliyo bora ni kuwapo kwa njia nyingi: dirisha la bandarini, wakala, tovuti ya mwenye boti na programu zaidi ya moja.

Msafiri wa Kibaha au Kisarawe anashauriwa alinganishe bei kabla ya kulipa, na ahifadhi risiti pamoja na ujumbe wa malipo. Akiona dalili za hila, jambo lililotendeka Bara alifikishe FCC, na lililotendeka Zanzibar alifikishe ZFCC. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo ya malalamiko ni ushahidi.