Kupwewa na Sauti

Katika nchi ya Rungwe mvua ni nyingi, na miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali. Ndipo watu hukaa karibu na moto milango imefungwa, moshi ukajaa nyumbani. Siku hizo mafua huenea upesi, na mara nyingi mtu aliyekuwa na mafua huamka amepwewa na sauti: akiita, hutoka mkwaruzo tu, au hakitoki kitu. Koo humkauka na kumwasha, na kikohozi chake ni kikavu.

Ugonjwa huu ni uvimbe wa koromeo. Weka kidole mbele ya shingo, useme neno. Utasikia kitu kinatetemeka. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo ya nyama, iitwayo nyuzi za sauti. Mtu akinyamaza nyuzi hizo huachana ili pumzi ipite. Akisema hukaribiana, na pumzi itokayo mapafuni huzitikisa. Kwa mtoto hutikisika zaidi ya mara 200 katika sekunde moja. Zikivimba huwa nzito, mfano wa uzi wa zeze ulioloa mvua, usiolia vizuri hata ukipigwa kwa nguvu.

Kinachozivimbisha mara nyingi ni virusi vile vile vya mafua. Moshi wa kuni na wa tumbaku huzidisha, na kupaza sauti vilevile. Tangu Wamoravian walipoanza kazi yao Rungwe mwaka 1891, nyimbo za kanisani zimeimbwa huko vizazi hata vizazi. Basi mwimbaji aliyefanya mazoezi juma zima kabla ya Pasaka aweza kupwewa na sauti siku ya Jumamosi, bila mafua yoyote. Hapo wengi hukosea. Wakiona sauti haitoki, huongeza nguvu. Nyuzi zilizovimba hugongana, zikavimba zaidi. Mwimbaji huyo akinyamaza atakosa kuimba sikukuu moja, nayo ni huzuni kweli. Akilazimisha, aweza kukaa majuma mengi bila sauti yake.

Dawa kubwa ni kunyamaza. Wako wanaodhani kwamba kunong'ona ni kuipumzisha sauti, kumbe kunong'ona kwa nguvu huchosha koromeo vilevile. Afadhali kusema maneno machache polepole, au kuandika. Mgonjwa anywe maji mara kwa mara, au chai ya uvuguvugu yenye asali (ila asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja), naye akae mbali na moshi. Vidonge vya kuua bakteria havina nguvu juu ya virusi, hata vikinunuliwa kwa fedha nyingi. Kwa kawaida sauti hurudi kabla ya majuma mawili kwisha.

Lakini mtoto mdogo akikohoa kama mbwa abwekaye, na pumzi yake ikilia anapoivuta, si jambo la kungoja. Kadhalika mtu ashindwaye kumeza hata mate, au abanwaye na pumzi. Huenda ikawa ni dondakoo, ugonjwa ambao watoto huchanjwa ili wasiupate. Apelekwe mara moja hospitali ya Makandana mjini Tukuyu, au ya Igogwe, au iliyo karibu zaidi, ingawa ni usiku na mvua inanyesha. Na mtu ambaye sauti yake haikurudi baada ya majuma matatu, hata kama hasikii maumivu, aende kwa daktari atazamwe ndani ya koo.