Viroboto wa paka: tuanze na sakafu

Mwezi huu kona yetu ya familia inamzungumzia paka. Kuna watakaosema: watu wana shida kubwa, ninyi mnaandika habari za nyau? Subirini kidogo. Katika nyumba zetu za udongo paka ndiye mlinzi wa gunia la mahindi. Nyumba isiyo na paka, panya wanakula kabla ya watoto.

Lakini paka akijaa viroboto, nyumba nzima inajikuna usiku, na maneno yanaanza: "Mama, huyo paka wako ametuletea wadudu, mtupe porini!" Mwingine anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe anampaka. Kwa majirani zetu tuliyaona hayo. Paka aliogeshwa asubuhi, akajilamba, jioni akawa anatetemeka na kutoa mate, kesho yake akafa. Haukupita mwezi, panya wakatoboa gunia. Na viroboto je? Walikuwa bado wamo ndani, maana nyumba yao ilikuwa sakafu.

Hapo ndipo penye siri yote. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 na zaidi kwa siku moja. Mayai hayang'ang'anii manyoya, yanaanguka popote paka anapolala: kwenye mkeka, chini ya kitanda, kwenye nyufa za sakafu. Yanatoa viluwiluwi vidogo vinavyojificha gizani kwenye vumbi, halafu vinajifunga kama ndani ya kifuko. Kwenye joto la kwetu, kutoka yai mpaka kiroboto mzima inaweza kuwa wiki tatu au nne tu. Lakini aliye ndani ya kifuko anaweza kungoja miezi, mpaka asikie kishindo cha miguu na joto la mwili. Ndiyo maana ukirudi kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, wanakurukia mlangoni. Wale unaowaona juu ya paka ni wachache sana, wenzao wengi wako chini.

Basi tufanyeje bila kununua dawa?

Sakafu. Fagia kila siku, hasa kwenye pembe na chini ya vitanda. Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisipae. Takataka zake usiziache mlangoni, zichome au zifukie. Nyufa zizibe, siriba sakafu upya kwa udongo. Kazi hiyo inasaidia pia dhidi ya funza wa miguuni, maana naye ni jamaa ya kiroboto na anapenda vumbi lile lile. Papasi nao, wanaoleta homa, hujificha kwenye nyufa hizo hizo.

Jua. Toa mikeka, mablanketi na magunia nje wakati wa jua kali. Viluwiluwi vya kiroboto havistahimili jua na ukavu. Paka mpe kitambaa chake kimoja cha kulalia, ili mayai yaanguke mahali pamoja. Kitambaa hicho kioshe kila wiki kwa maji ya moto.

Kitana. Tafuta kitana chenye meno ya karibu, kile cha kutolea chawa. Mchane paka kila siku, kuanzia shingoni, mgongoni, mpaka karibu na mkia. Kila ukipitisha, chovya kitana kwenye maji ya sabuni. Maji matupu hayatoshi, kiroboto anaweza kujiokoa, lakini sabuni inamzamisha. Ukiona chembe nyeusi kama pilipili, ziweke kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Zikitoa rangi nyekundu, ujue hiyo ni damu ya paka iliyopita tumboni mwa kiroboto.

Kuogesha. Paka mkubwa aweza kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali. Anza na shingo, viroboto wasikimbilie kichwani. Msuuze vizuri, mkaushe, asilale na baridi. Watoto wa paka wachaneni tu. Hao viroboto wakiwa wengi wanawanyonya damu mpaka ufizi unakuwa mweupe, na wanaweza kufa.

Sahani. Usiku weka sahani ya maji ya sabuni chini ya taa ya sola, mbali na mtoto mdogo. Viroboto wanaufuata mwanga, wanaingia majini. Asubuhi mtawahesabu wenyewe.

Msichoke baada ya wiki moja. Wale wa kwenye vifuko watazidi kutoka. Endeleeni miezi miwili, ndipo mtaona tofauti.

Na kupe? Paka anawaokota kwenye majani, au kwa mbwa na mbuzi wa jirani. Mpapase kila jioni masikioni, shingoni na chini ya miguu. Mshike kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu na moja kwa moja. Usimminye tumbo, usimchome kwa moto, usimpake mafuta ya taa. Mtie kwenye spiriti, kisha nawa mikono.

Sasa haya msiyafanye. Paka anajilamba siku nzima, kwa hiyo unachompaka ndicho anachokula. Dawa za ng'ombe na za mbwa zinaweza kumuua. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi yake. Tumbaku ni sumu. Vitunguu, vya kawaida na saumu, vinaharibu damu yake. Mafuta makali ya mimea, kama mkaratusi au ya ganda la limau, ini lake haliyawezi. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi ni salama. Hata mwarobaini, mafuta yake tusimpake. Majivu nayo yaingie kwenye nyufa za ukuta, si kwenye manyoya.

Tena, wazazi, waangalieni watoto. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, akiwa anacheza na paka, anaweza kupata minyoo ya tegu. Anawe mikono kabla ya kula.

Neno la mwisho ni zito. Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert tukitokea Ituri, na wazee wanaukumbuka tauni. Ugonjwa huo unabebwa hasa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu. Paka naye anaweza kuupata kwa kula panya mgonjwa. Kwa hiyo mkiona panya wengi wamekufa bila sababu, au paka amevimba chini ya taya na ana homa, msiwashike kwa mikono mitupu. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo. Na mtu akishikwa na homa ya ghafla na mitoki yenye maumivu kwenye kinena au kwapa, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho. Tauni inatibika kwa dawa za hospitali, lakini mtu awahi.

Basi wapenzi wasomaji, kabla ya kumtupa paka porini, chukueni ufagio. Tuonane toleo lijalo.