Divai Nyekundu Haiongezi Damu



Mama akijifungua, wako jamaa wanaomletea uji, wako wanaomletea kuku, na wako pia wanaomletea chupa ya divai nyekundu. "Kunywa kidogo kidogo, damu irudi," humwambia. Kwa kuwa rangi yake ni ya damu, wengi huamini kwamba inaongeza damu. Mwezi huu tuitazame divai hiyo: imetoka wapi, ina ladha gani, hunywewa na chakula gani, na mwilini inafanya nini.

Imetoka wapi?

Kwetu Usambara divai si kitu kigeni. Kwa miaka mingi wasafiri wanaopita Soni wamezoea kununua divai katika misheni ya Wabenediktini ya Sakharani. Lakini nchi hasa ya zabibu ni Dodoma. Milima yetu ina mvua na ukungu, na mzabibu usiokauka majani hushikwa upesi na magonjwa ya kuvu. Dodoma ni kukavu, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wamisionari kutoka Italia waliipanda mizabibu huko Bihawana mwaka 1957. Baada ya mwaka 2000, huko Hombolo zikapandwa aina nyingine za Kiitalia, mojawapo ikiitwa Teroldego.

Kwao Teroldego ni Trentino, kaskazini mwa Italia, penye milima ya Alpi. Hustawi katika uwanda wa changarawe iliyoletwa na mito Noce na Adige.

Ladha yake na chakula chake

Divai ya Teroldego ni nyekundu iliyokoza, karibu na zambarau. Ina harufu ya matunda meusi, mfano wa forosadi zilizoiva, na uchachu unaoleta mate. Ukiimeza, ulimi hubaki na ukakasi kidogo, kama baada ya kunywa chai ya rangi iliyozidi majani. Ukakasi huo huletwa na tanini, nayo imo katika divai nyekundu na katika chai yetu ya Bumbuli pia.

Watu wa Trentino huinywa pamoja na polenta, ambayo ni ugali wa mahindi, kwa nyama iliyopikwa polepole, soseji au jibini. Nyama na mafuta hupunguza ukakasi. Kwetu ingefaa na ugali na mbuzi wa kuchoma, au maharage yaliyoungwa vizuri.

Lakini walaji hao wa polenta wana fundisho kwetu. Katika karne ya 18 na ya 19, maskini wengi wa kaskazini mwa Italia waliokula polenta tupu walipatwa na pelagra: ngozi kubabuka, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Nchi yao ilikuwa na divai tele, lakini haikuwaponya. Walikosa niasini, kirutubisho kilichotambuliwa kuwa tiba mwaka 1937, ambacho hupatikana katika nyama, samaki na karanga. Hata leo, mlevi asiyekula vizuri anaweza kuipata pelagra.

Je, inaongeza damu?

Hapana. Bilauri ya mililita 150 ina madini ya chuma chini ya miligramu moja, na mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Zaidi ya hayo, tanini huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga na maharage. Kileo nacho humfikia mtoto tumboni, na baadaye hupita katika maziwa ya mama.

Wengine husema inalinda moyo. Habari hiyo ilienea sana tangu mwaka 1991. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari kwa afya, kwani kileo huchangia saratani, ikiwemo ya matiti. Tena tukumbuke kwamba chupa moja ya divai ya mililita 750 ina kileo karibu sawa na bia nne kubwa.

Yafaa kuzingatia haya

1. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto wasipewe divai kama dawa.

2. Mgonjwa wa ini, au anayetumia dawa za kifua kikuu, kifafa au kisukari, asinywe kabla ya kumwuliza daktari.

3. Anayekunywa anywe mezani, pamoja na chakula, bilauri moja na si kila siku. Asiendeshe gari baadaye. Kona za Soni kwenda Mombo hazisamehi.

4. Anayechoka upesi, kusikia kizunguzungu au kupauka viganja aende zahanati apimwe damu. Huenda chanzo ni malaria, minyoo au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, na kila kimoja kina tiba yake.

Basi, jirani anayetaka kumsaidia mzazi apitie sokoni Lushoto. Anunue maharage, mchicha, dagaa, na maini akiweza. Aongeze pasheni au machungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja baada ya chakula. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa mama kliniki, amkumbushe kuvimaliza.