Mlonge unaweza kulinda utumbo wa kuku, lakini hauchukui nafasi ya chanjo

Joto linapopanda mwishoni mwa mwaka katika vijiji vya tambarare za Kilosa, Zombo ikiwemo, kuku huachama midomo, hutanua mabawa na kujibanza kivulini. Mfugaji huyaona hayo na kuongeza maji. Asichokiona ni kwamba utumbo wa kuku wake nao unaumia.

Kuku hana tezi za jasho. Ili apoe, huhema haraka, na mwili wake hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, kilemba na ndevu. Utumbo hubaki na damu kidogo, kwa hiyo na oksijeni kidogo. Hapo seli zake huzalisha kwa wingi molekuli zisizotulia ziitwazo radikali huru, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye mafuta na protini zinazojenga seli. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula hufupika, na viungio vinavyobana seli moja na nyingine hulegea. Bakteria na sumu zao hupata njia ya kuingia kwenye damu. Kuku anakula kidogo kuliko kawaida, hanenepi, na mayai yanapungua.

Mwili una kinga yake dhidi ya radikali hizo: vimeng'enya unavyovitengeneza wenyewe, pamoja na vitamini E na madini ya seleniamu kutoka kwenye chakula. Mimea huongeza kundi jingine la antioksidanti, yaani polifenoli, zilizomo kwenye majani ya mlonge, bizari ya manjano, vitunguu na viungo vingi vya jikoni. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi kuingia kwenye damu. Hubaki utumboni, ambako bakteria huzivunjavunja na zenyewe huathiri ni bakteria gani wastawi. Ndiyo maana utumbo ndio unaonufaika kwanza.

Utafiti wa mimea hii ulipata msukumo mkubwa baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku matumizi ya antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Matokeo ya utafiti huo hayalingani kila mahali. Kiasi cha polifenoli hubadilika kulingana na udongo, umri wa jani na namna lilivyokaushwa. Faida pia huonekana zaidi kwa kuku waliobanwa na joto au msongamano kuliko kwa wale wanaotunzwa vizuri.

Kiasi nacho kina uzito wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watafiti waliwalisha kuku wa mayai nchini Tanzania unga wa majani ya mlonge badala ya mashudu ya alizeti. Unga ulipofika asilimia 20 ya chakula, uzalishaji wa mayai ulishuka. Asilimia 10 ndiyo iliyoonekana kufaa. Jani lina protini nyingi, lakini lina pia nyuzinyuzi na tanini, ambazo zikizidi humzuia kuku kukitumia chakula chake.

Anayetaka kujaribu achume majani mabichi yenye afya, ayakaushe kivulini mahali penye hewa, kwa kuwa jua kali huharibu baadhi ya vitamini na antioksidanti, kisha ayatwange. Kwa kuku wa mayai, kilo 5 za unga katika kila kilo 100 za chakula ni mwanzo wa tahadhari. Vifaranga wapewe kiasi kidogo kuliko hicho.

Hata hivyo, mlonge hauzuii mdondo. Ugonjwa huo huletwa na virusi, na kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuhara damu nako kunaletwa na vimelea vinavyokomaa kwenye maranda yenye unyevu, hivyo banda kavu lina nguvu kuliko jani lolote. Na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku kwa matumaini kwamba mlonge utaondoa sumukuvu.

Kuku wakiugua, aitwe afisa mifugo. Antibiotiki zinazotolewa kwa kukisia huzoesha bakteria dawa, na masalia yake huingia kwenye nyama na mayai tunayowalisha watoto wetu.

Basi fedha kidogo iliyopo itangulie kwenye chanjo, kisha maranda makavu na maji safi. Mlonge uje baada ya hapo, na mfugaji aupime mwenyewe: agawe vifaranga wa umri mmoja makundi mawili, awape chakula kilekile, kundi moja liongezewe unga wa mlonge, kisha awapime uzito kila wiki na kuandika. Baada ya miezi 2 mizani itamwambia kama jani la shambani kwake linastahili kazi ya kulichuma.