Kariakoo ya kwenye simu: kazi sita, cha juu kimoja

Namba inayopendwa sana majukwaani inasema hadi Desemba 2024 Tanzania ilikuwa na laini milioni 48 zinazotumia intaneti. Ofisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo jijini Dar es Salaam, aliyeomba asitajwe, huirudia kila anapoulizwa kuhusu vijana wanaouza mtandaoni. Kwake ni ushahidi kwamba uchumi wa kidijitali umeshamfikia mwananchi wa kawaida. Namba ni ya kweli, ila ni ya laini, si ya watu. Kipindi hichohicho laini zote za simu zilipita milioni 86, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ana laini tatu peke yake: ya wateja, ya pesa na ya nyumbani. Na hata zikihesabiwa vizuri, laini haziwezi kutuambia nani anakula nini.

Wanapotajwa watengeneza maudhui, wengi huwaza wachekeshaji, wasanii na machawa wenye wafuasi wasiohesabika. Hao wapo na hula kwenye matangazo. Kundi kubwa zaidi, ukipita Aggrey, Likoma au Narung'ombe, ni lile ambalo halina kisanduku chake kwenye fomu yoyote ya serikali: mawinga, yaani watu wa kati wanaoyatafutia maduka wateja, waliohamia kwenye simu. Hawalipwi na TikTok wala Instagram. Wanaishi kwa cha juu, ile nyongeza wanayoweka juu ya bei ya duka, kama mawinga wote waliowatangulia. Kilichoongezeka ni kazi.

Kazi huanza asubuhi kabla wateja wa jumla hawajajaza maduka. Viatu vinapangwa juu ya boksi, kimoja kinavaliwa, simu inashikwa kwa mkono wa kushoto na maneno yanasemwa papo hapo huku mikokoteni ikipiga kelele nyuma. Bei haitajwi. Mwenye duka hataki mteja wake wa jumla asikie bei ya rejareja, naye winga hataki mteja wa rejareja ajue bei ya dukani. Ndiyo maana ile "bei njoo inbox" inayowaudhi watu haijafa. Video inakatwa, maandishi yanabandikwa, wimbo unaotamba unawekwa chini yake, inapandishwa, kisha inarudiwa kwenye status ya WhatsApp. Mteja wa Songea au Kahama anauliza kama ipo namba 39. Anajibiwa, anaomba apunguziwe, analipa kwenye lipa namba. Winga anakimbia dukani, analipa bei ya duka, anafunga mzigo kwa sandarusi, anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, boda anaupeleka kwa wakala wa basi, picha ya risiti inatumwa. Kiatu kikimbana mteja, simu hiyohiyo ndiyo dawati la malalamiko.

Kwa hesabu ya haraka hapo kuna kazi sita. Kampuni za matangazo za Masaki na Mikocheni zingeweka mpiga picha, mkata video, mwandishi na msimamizi wa akaunti, kila mmoja na malipo yake. Kariakoo anafanya mmoja, na analipwa kwa moja tu kati ya hizo: kuuza. Asipouza, video ni bure.

Hapo ndipo lilipo lalamiko la dada mmoja anayeuza mabegi ya kike, ambaye alianza kama winga wa kusimama mlangoni. Anasimulia kwamba mwaka 2021 alifungua akaunti kwa jina la duka alilokuwa akiliwingia. Simu ilikuwa yake, namba iliyosajili akaunti ilikuwa yake, sauti na mikono kwenye kila video vilikuwa vyake. Mwenye duka alitoa hela ya bando na ruhusa ya kuweka cha juu. Akaunti ikakua, wateja wakaanza kuandika kutoka Lubumbashi na Moroni. Kisha mwenye duka akaomba nywila ili "tuwe nayo wawili", akamleta mpwa wake, na muda si mrefu dada akakuta nywila imebadilishwa. Wateja walioendelea kuandika wakidhani wanaongea naye walijibiwa na mtu mwingine.

"Nilipotaka nilipwe kwa video, aliniambia mimi si mpiga picha. Nilipotaka kamisheni, akasema mimi si mfanyakazi wake. Nilipotaka mshahara, akaniuliza tangu lini winga ana mshahara," anasema.

Mwenye duka mwingine wa jirani, ambaye hahusiki na mkasa huo, anauona tofauti. Kwake jina ni la duka, mzigo ni wa duka, na kodi ya fremu pamoja na kilemba havikulipwa na mwenye simu. Ana hoja. Lakini mikataba ya mawinga ni ya mdomo, na kwenye makubaliano ya mdomo anayeshinda ni mwenye funguo. Zamani funguo zilikuwa za fremu tu na kila mtu alijua ni za nani. Sasa zipo na za akaunti, ambayo thamani yake imejengwa na mtu asiye na karatasi hata moja. Sijakutana na winga aliyepeleka kesi ya namna hii kwenye baraza lolote. Wengi wanacheka ukiwauliza.

Serikali nayo inamtazama mtu huyu kwa vipande. Mwishoni mwa 2018 mjasiriamali mdogo alipewa kitambulisho cha shilingi 20,000. Mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka watoa maudhui wawe na leseni, na gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilipita shilingi milioni 2. Ada zilipunguzwa baadaye, baada ya wengi kufunga blogu zao. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo anayolipwa mtengeneza maudhui wa kidijitali. Kila hatua ilikuwa na mtu wake kichwani: mmachinga, mwanablogu, mtu maarufu anayelipwa na kampuni. Winga wa simu ni wote watatu kwa siku moja, na pengine si yeyote kati yao.

Ofisa wetu anasema urasimishaji unakwenda vizuri. Nilimuuliza nani anazuia hiyo asilimia 5 pale mwenye duka anapompa kijana shilingi 20,000 mkononi kwa video mbili. Alijibu kwamba elimu inaendelea kutolewa. Asilimia 5 hiyo ni shilingi 1,000, na ili izuiliwe kihalali mwenye duka angepaswa kuandika kwamba malipo hayo yalifanyika. Yeyote anayekumbuka mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023, maduka yalipofungwa kwa hasira ya kamatakamata na usajili wa stoo, anaweza kukadiria hamu ya wafanyabiashara hao kuongeza karatasi.

Linalowatisha mawinga zaidi ni lipa namba, kwa kuwa inaacha kumbukumbu ya kila malipo. Kwa mfano, begi la dukani shilingi 30,000 linauzwa mtandaoni 35,000. Ukiuza matano kwa siku, siku 25 za mwezi, kwenye simu zimepita shilingi 4,375,000. Kizingiti cha mauzo ambacho chini yake mfanyabiashara mdogo halipi kodi ya mapato ni shilingi milioni 4, tena kwa mwaka mzima. Umekivuka kabla mwezi haujaisha. Cha juu chako ni 625,000, nacho hakijatoa bando, boda na mabegi yaliyorudishwa. Ungepewa kamisheni na duka, hesabu ingekuwa nyingine, maana dalali huhesabiwa kwa anachobaki nacho. Lakini ili uwe dalali kwa macho ya mtu wa kodi lazima duka likubali kwamba wewe ni dalali wake, na tumeshaona jinsi maduka yanavyojibu. Ndiyo maana wengine bado wanaomba walipwe kwa namba ya kawaida, tena ya shangazi.

Haki yao wapewe: watu hawa hawafi kirahisi. Moto wa Julai 2021 uliunguza soko kuu la Kariakoo, Oktoba mwaka huo wamachinga wakaondolewa barabarani, na waliokuwa wameanza kuposti ndio waliorudi kuuza mapema. Anayejua kazi moja hukwama nayo. Anayejua sita huhamia nyingine. Lakini kuna mishtuko ambayo inazigusa zote kwa mpigo. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na biashara ikasuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia siku ya uchaguzi, ikakaa hivyo siku kadhaa. Kuna mizigo iliyokuwa imelipiwa na haijatumwa, na kuna wateja wa mikoani waliokuja kuamini kwamba wametapeliwa. Dada wa mabegi anasema uaminifu wa miaka ulimpotea ndani ya wiki hiyo. Hiyo gharama hakuna aliyeihesabu, na ofisa hakuwa na namba ya kurudia.

Uaminifu wenyewe umejengwa kwa njia ambazo zina utata wake. Ili kuthibitisha kwamba mizigo inafika, wauzaji hupiga picha rundo la vifurushi, majina na namba za simu za wateja zikisomeka wazi, na kuzitupia mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Niliowauliza hawakuwa wameisikia, na mmoja aliniuliza kwa mshangao mteja atamwaminije sasa.

Mbele kukoje? Wapo wanaosema soko linapanuka, hasa tangu mpango wa biashara ya saa 24 uzinduliwe Februari 2025. Usiku, wanasema, ndio muda mzuri wa kwenda live. Wapo wanaotegemea agizo la Julai 2025 lililowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ingawa mawinga wanacheka kwamba fremu nyingi hubadilisha jina la mwenye leseni na si la mwenye mzigo. Kwa upande mwingine, mteja wa Mbeya siku hizi yuko kwenye kundi moja la WhatsApp na wakala wa Guangzhou, na programu za akili mnemba zinamvalisha begi mwanamke ambaye hayupo duniani bila kuomba hela ya bando.

Maduka makubwa kidogo yameanza kuwaajiri vijana hawa kwa mwezi. Kima cha chini cha sekta binafsi kilichopandishwa kuanzia Januari 2026 kina wastani wa shilingi 358,322, na kinamhusu mwajiriwa. Winga hakimgusi. Nilitarajia wengi watamani ajira. Kadhaa walisema mwezi mzuri wa cha juu unapita mshahara huo, na kwamba ukiajiriwa akaunti inakuwa ya duka moja kwa moja, bila hata kuibiwa nywila. Mwezi mbaya hawakuuzungumzia sana.

Dada wa mabegi sasa ana akaunti kwa jina lake, anachukua mzigo kwenye maduka matatu na nywila hampi mtu. Anataka fremu ndogo ya ghorofani. Mwenye jengo anataka kodi ya mwaka mzima na kilemba juu yake. Ofisa alimshauri akope kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa baadaye. Mikopo hiyo hutolewa zaidi kwa vikundi. Ameanza kutafuta wa kuunda nao kikundi, na wawili waliokubali hadi sasa wanauza begi lilelile analouza yeye, kutoka duka lilelile.